Mlima Umejifunika

Basi dogo lilisimama kati ya Kiwira na Tukuyu, mahali ambapo akina mama hupanga mikungu ya ndizi kando ya lami na kuitandazia nailoni mvua inapoanza. Ulikuwa mwezi wa nne, na huku mwezi wa nne mvua haianzi wala haikomi, hupumzika tu. Nilishuka kununua ndizi za kupika. Nikageuka kuutazama Rungwe, kama afanyavyo kila apitaye barabara ile, nikakuta weupe mtupu. Mgongo wa mlima haukuwepo, mstari wa msitu haukuwepo, na hata mikaratusi iliyo nyuma ya vibanda ilikuwa imekatwa kiunoni na ukungu. Nilimwamkia muuzaji, kisha nikauliza kwa utani: “Mama, leo mlima wenu mmeupeleka wapi?” Alikuwa anahesabu chenji, hakuinua uso. “Uko palepale, mwanangu,” akasema. “Umejifunika.”

Angeweza kusema umefunikwa, na sarufi isingelalamika. Mawingu yamefunika, mlima umefunikwa. Ndivyo angesema mtu wa hali ya hewa redioni. Lakini yeye alipachika ile silabi ndogo, -ji-, na mara mlima ukawa na hiari. Ukawa kama bibi aliyejitanda khanga alfajiri kwa sababu ana shughuli zake, na atakayejifunua wakati wake ukifika, si wakati wa abiria wa basi dogo. Nilirudi kwenye kiti changu na ndizi mapajani, na silabi ile ikanifuata mpaka Tukuyu. Mlima wenye urefu wa karibu mita 3,000, volkano iliyolala, wenye msitu unaotosha kumpoteza mwindaji kwa siku kadhaa, ulikuwa umepotea wote machoni. Kilichobaki mbele yangu ni jina lake. Mama yule alilitamka kana kwamba ameliegemea, kama mtu anavyoegemea ukuta gizani: hauoni, lakini mgongo wake unajua upo.

Nyanda hizi za Juu za Kusini zimejaa majina yaliyobeba vitu visivyoonekana tena. Mbeya, husimulia Wasafwa, imetoka katika neno lao ibeya, chumvi, kwa kuwa watu walikuja na nafaka zao kuibadilisha kwa chumvi chini ya milima ile. Leo mtu atashuka stendi ya jiji, atapita maduka ya vipuri na vibanda vya simu, asionje hata punje ya habari hiyo. Lakini kila anapotaja aendako, ametaja chumvi. Iringa ni lilinga ya Kihehe, ngome, na ngome yenyewe ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga iliangushwa na mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Ukuta ulilala chini, neno likabaki limesimama. Ziwa Ngozi, lililojificha ndani ya kasoko ya milima ya Poroto, limeitwa tu “kubwa”, kama vile watu walifika ukingoni, wakatazama chini, wakakosa sifa nyingine. Na Udzungwa, milima inayoishukia Kilombero kwa upande mmoja na kuiangalia Iringa kwa upande wa pili, imeitwa kwa Wadzungwa, watu walioishi mabegani mwake. Mwaka 1992 sehemu ya milima hiyo ikawa hifadhi ya taifa, na tangu hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kujenga humo. Watu wako nje ya mpaka. Jina lao limebaki ndani, linalala msituni kila usiku bila kibali.

Rungwe wenyewe umekuwa mkarimu wa jina kuliko milima mingi. Wamoravian walipofika mwaka 1891 na kujenga misheni yao chini yake, waliiita Rungwe. Wilaya ikaitwa Rungwe. Wajerumani walijaribu kuleta jina la kwao, wakauita mji wa Tukuyu Neu Langenburg. Vita vilipowaondoa, jina lile liliondoka nao kama sanduku la msafiri. Ng'ambo kidogo, uwanda wa juu wa Kitulo ulichorwa kwenye ramani kwa jina la Elton, konsuli wa Kiingereza aliyepita huko karne ya kumi na tisa. Jina hilo nalo limechakaa, na leo wenyeji wanauita Kitulo, au kwa heshima ya maua yake, Bustani ya Mungu. Majina ya kuletwa huhitaji ofisi ya kuyatunza. Majina ya mahali hutunzwa na vinywa vya watu wanaouza ndizi.

Kuna jina moja kutoka mlima huu ambalo kwa muda mrefu halikuwa na kitu zaidi ya vinywa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakitaja kima mwenye haya aishiye juu kabisa, katika msitu wenye baridi, ambaye hakuna mgeni aliyewahi kumwona. Walimwita kipunji. Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walilisikia jina hilo walipokuwa wakiuliza vijijini habari za wanyama wa Rungwe. Walisita. Katika masimulizi ya Wanyakyusa, msitu una wakazi wa namna mbili: wale wanaoacha nyayo na wale wasioacha. Majina yao hukaa pamoja katika hadithi moja, jioni moja, kwa sauti ileile ya msimulizi, na mgeni hana njia ya kujua amepita mpaka lini. Je, kipunji alikuwa mnyama, au alikuwa mmoja wa wale wa pili? Wahenga walikwisha kujibu swali hilo bila kuulizwa: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Lakini methali haiwi ushahidi katika jarida la sayansi. Mtu aliyesoma hufundishwa kutilia shaka jina lisilo na mwili, na katika kufundishwa huko huondoka, bila kukusudia, na somo jingine: kwamba macho ya mwindaji aliyezaliwa hapo si macho hasa mpaka mwingine ayathibitishe.

Mwezi Desemba mwaka 2003 jina lilipata macho. Kipunji alionekana waziwazi Rungwe, akipita juu ya matawi. Ana manyoya marefu ya kahawia, ya mnyama aliyeumbwa kwa baridi. Tumbo na ncha ya mkia ni vyeupe vya kufifia, na utosini amesimamisha kishungi kana kwamba ameamka sasa hivi na hana habari na kioo. Mlio wake ni mzito, nusu honi nusu kubweka, na hakuna kima mwingine mwenye mlio kama huo. Miezi michache baadaye, mwaka 2004, kundi jingine la watafiti lililoongozwa na Trevor Jones lilimkuta mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Rungwe. Makundi mawili yalikuwa yameshika ncha mbili za kamba moja bila kujuana. Yalipojuana, yakaandika pamoja, na mwezi Mei mwaka 2005 dunia ikaambiwa kwamba Tanzania ina kima mpya. Mpya! Neno hilo lilichapishwa kwa nia njema, nami nalisamehe. Hata hivyo, nadhani mwindaji aliyelisikia alitabasamu kama atabasamuvyo baba mtu akiletewa mwanawe na kuambiwa, huyu hapa mtoto tuliyemwokota.

Walichofanya watafiti wale mwaka huo kilikuwa cha ajabu katika kazi yao. Kwa desturi, kiumbe hakiandikishwi katika daftari la sayansi bila mwili wake kuwekwa mahali, ngozi na mifupa, ili anayebisha aende akashike. Wao hawakutaka kuua mnyama ambaye huenda wamebaki wachache, wakaweka picha. Wengine waliridhika, wengine walinung'unika. Kisha mwezi Agosti mwaka 2005 mwili ulikuja wenyewe. Mkulima mmoja chini ya Rungwe alikuwa ametega mtego kwenye shamba lake la mahindi, kama afanyavyo kila mkulima anayepakana na msitu, na ndani yake akanasa kipunji dume, kijana bado, akiwa amekufa. Watafiti wakamchukua, wakampima, wakasoma chembe za urithi wake, wakagundua kwamba hata walichokuwa wamekiandika kilikuwa pungufu: ingawa kwa umbo alifanana na jamaa wengine wa mitini, kwa damu alikuwa karibu zaidi na nyani wa nyikani, naye alistahili ukoo wa peke yake. Mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, ya kwanza kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923, katika andiko lililobeba pia majina ya Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Jenasi hiyo iliitwa Rungwecebus. Mlima ukawa jina la ukoo, na neno la wawindaji likawa jina la mtoto: Rungwecebus kipunji.

Katika makanisa ya Rungwe wanaijua vizuri habari ya Tomaso, aliyesema hatasadiki mpaka atie kidole chake mahali pa misumari. Nikiifikiria historia ya kipunji, naona ngazi tatu za kusadiki. Kwanza watu walisikia jina, likawa halitoshi. Kisha wakaona picha, ikawa haitoshi sana. Mwishoni wakashika maiti, ndipo kila mtu akanyamaza. Simlaumu Tomaso, bila yeye wengine wangebaki na tetesi. Ila naona uzito wa kitu kimoja: kila ngazi tuliyoipanda kwenda kwenye uhakika, tulikuwa tunasogea mbali na mnyama aliye hai. Aliyekuwa na uhakika mdogo kuliko wote kwa kipimo cha vitabu ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, amekaa kimya chini ya mti, anasikiliza.

Mwili wa yule dume kijana uko Chicago, katika jumba la makumbusho. Si mara ya kwanza kwa nyanda hizi kuwa na mwili wa mtu wao ng'ambo. Simlinganishi mtawala na kima, na Wahehe wanisamehe kwa kuwakaribisha katika sentensi zinazofuatana. Lakini nikipita Iringa siwezi kuacha kukumbuka kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 asishikwe, na kwamba fuvu lake lilichukuliwa Ujerumani, likatajwa hata katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Miaka 56. Katika miaka hiyo yote hakukuwa na cha kushika, ila jina tu, na jina lile halikupungua kilo hata moja. Watu waliapa kwalo, wakaimba, wakawaita watoto wao. Hapo ndipo ninapoanza kuelewa mama wa ndizi. Jina ni amana. Anayelitaja wakati mwenye jina haonekani anamwekea nafasi, kama unavyomwekea mtu kiti kwenye basi kwa kuweka mtandio: hayupo, lakini usikae, ana mwenyewe.

Kipunji alibahatika, jina lake lilisafiri naye mpaka kwenye kitabu. Mwenzake wa Udzungwa hakubahatika hivyo. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa juu ya Sanje, upande wa Kilombero, wakiwafuata mbega wekundu. Wakasikia sauti ya kima wasiyemjua. Aliyekuwa akiwaongoza hakushangaa: huyo ni ngolaga, akasema. Na haikuchukua muda wakaonyeshwa mtoto yatima wa ngolaga aliyekuwa akifugwa kijijini, amekaa nyumbani kwa watu huku ulimwengu wa wasomi haujui kwamba yupo. Kitabuni aliingia kwa jina la Sanje, mahali aliposikika. Ngolaga likabaki nje, mlangoni, kama mtu aliyemleta mgeni kwenye sherehe kisha hakualikwa. Na mwaka 1991, katika milima hiyohiyo ya Ndundulu, wataalamu wa ndege kutoka Denmark walimgundua kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Wanasimulia kwamba kilichowashtua kwanza ni miguu isiyo ya kuku ndani ya sufuria ya chakula cha jioni. Nacheka kila ninapoifikiria sufuria ile. Wapishi walikuwa wanajua wanapika nini. Ugunduzi, mara nyingi, ni siku ambayo mgeni anauliza swali mezani.

Lakini nisije nikawafanya wenyeji kuwa malaika. Aliyelijua jina la kipunji ndiye aliyemwinda, na aliyetega mtego wa mahindi hakuwa mgeni kutoka mbali. Kujua jina si kuwa na huruma. Mtu mwenye njaa humjua vizuri sana anayemla, na mkulima anayepoteza mistari miwili ya mahindi kila juma hana muda wa kuuliza mwizi ni wa jenasi gani. Ndiyo maana sheria ilikuja, na ilihitajika. Mwaka 1949, wakati wa Waingereza, msitu wa Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi kwa ajili ya maji yake. Mwaka 2009 ukapandishwa daraja, ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia, zaidi ya hekta 13,000 ambamo haruhusiwi mtu kukata mti, kuchoma mkaa wala kutega. Leo ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ndani yake, mbali na kipunji, kuna mbega weusi kwa weupe, kuna minde, yule paa mkubwa wa porini anayeonekana kwa nadra kama deni linalolipwa, kuna perere anayepiga kelele usiku kana kwamba ananyongwa, kuna vinyonga wenye pembe na mianzi inayoota mpaka karibu na majani ya kileleni. Na kuna maji. Vijito vinavyoshuka humo hulisha Kiwira na Mbaka, vikapita chini ya migomba na chai na maparachichi, vikaishia Ziwa Nyasa. Mtu wa Kyela anayevua samaki ziwani hajawahi kumwona kipunji, lakini wanakunywa kisima kimoja.

Hata kabla ya sheria ya 1949, nchi hii haikuwa bila mipaka. Wanyakyusa walikuwa na misitu ambayo mtu hakuingia ovyo, na maarufu kuliko yote ni Lubaga, kichaka kitakatifu cha mtawala wao Lwembe, ambapo kukata kijiti kulikuwa kukata undugu na wazee waliolala pale. Mpaka ule haukuwa na bango wala askari. Ulilindwa na jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Nimeliona bango la hifadhi pia, rangi ya kijani na maandishi meupe, limesimama kwenye mvua kwa uaminifu. Nalo ni jina lililotajwa, ila kwa sauti ya juu, kwa sababu wapitao ni wengi na hawafahamiani. Sidhani kwamba moja linafuta jingine. Bango humwambia mgeni ukomo wa mguu wake. Jina la kunong'ona humwambia mwenyeji kwa nini. Ukiondoa la kwanza, misumeno itaingia. Ukiondoa la pili, utahitaji askari chini ya kila mti, na askari naye hulala.

Waswahili husema milima haikutani, binadamu hukutana. Kati ya Rungwe na safu iliyoandikwa Livingstone kwenye ramani, ambako msitu wake umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kuna mahali panaitwa Bujingijila. Ni kishingo chembamba cha msitu, kilichokatwakatwa na kukonda, upana wake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hapo, kwa karne nyingi, milima miwili ilikuwa inakutana. Haikutembea yenyewe, ilikutanishwa na wanyama waliopita juu ya matawi bila kugusa ardhi, wakibeba mbegu matumboni. Kipunji ni mnyama wa juu, tawi kwa tawi. Pasipo na tawi kwake ni kama mto usio na mtumbwi. Kishingo kile kikikatika kabisa, methali itakuwa kweli kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia: milima haitakutana, na wa huku hawatawajua wa kule, na kila upande utaoa ndugu zake mpaka uishe. Nilikuwa naisoma methali ile kama sifa ya binadamu. Siku hizi naisikia kama onyo kwake.

Kuna namna nyingine ya kulinda, na ni kinyume cha kutaja. Mwaka 2011 Davenport na wenzake waliandika habari za nyoka mpya wa Tanzania kusini, mwenye magamba ya manjano na meusi na pembe juu ya macho, mzuri wa kutisha. Walimpa jina la binti wa Davenport, Matilda, lakini hawakusema msitu gani. Walijua kwamba wafanyabiashara wa nyoka husoma majarida haya kwa makini kuliko wanafunzi. Kwa hiyo jina likatolewa, mahali pakafichwa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka usiku wa utotoni, tukitumwa nje baada ya giza, na nyanya akituonya tusiseme nyoka, sema kamba. Ukimtaja atasikia. Tulidhani ni ushirikina. Sasa naona kwamba nyanya na mtaalamu wa Uingereza wameafikiana katika jambo moja zito: kwamba kutaja ni kuita, na si kila aitwaye anaitikia kwa heri yake. Huko Kitulo, ambayo mwaka 2005 ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya maua, okidi zake zilikuwa zikichimbwa viazi kwa magunia na kuvushwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Ua lililokaa kimya miaka elfu lilipopata jina sokoni, likaanza kwisha.

Kwa hiyo jina ni kisu chenye makali huku na huku. Mwaka 2008 walipomaliza kuwahesabu kipunji, walipata 1,117 kwa jumla, na kati yao 75 tu walikuwa Ndundulu. Wote pamoja walikuwa wakiishi katika msitu usiofika kilomita za mraba 18. Ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja kubwa ya msingi. Hesabu za baadaye zimeleta habari njema, kwamba upande wa Rungwe na Livingstone wameongezeka, na nimefurahi kwa furaha ya mtu anayesikia mgonjwa amekula. Bado kuna hofu moja ambayo hesabu haiitibu. Jina kipunji sasa halipotei kamwe. Limo vitabuni, limo katika lugha za watu ambao hawajui Tukuyu iko upande gani wa dunia. Zamani mnyama na jina lake walitegemeana. Akifa mmoja, mwingine angefuata baada ya kizazi kimoja au viwili, bibi wa mwisho anayekumbuka akizikwa. Leo jina linaweza kuishi peke yake, safi, limehifadhiwa vizuri, miaka mia baada ya mwenyewe kwisha. Na sisi tutakuwa tumezoea sana kulitamka, hata tusigundue kwamba kile kiti tulichomwekea hakuna atakayekuja kukikalia. Mtandio utabaki pale, umekunjwa kwa adabu.

Nilirudi jioni kwa barabara ileile. Mvua ilikuwa imepumzika, lakini ukungu haukuwa umeinuka. Rungwe haukutaka wageni siku ile. Karibu na pale nilipomwacha mama wa ndizi, ambaye alikuwa ameshafunga biashara na kuacha majani ya mgomba yaliyolowa, mtoto wa miaka mitano hivi aliyekaa mbele yangu alimvuta mama yake shati. Nadhani aliwahi kuahidiwa. “Mama, Rungwe uko wapi?” Mama yake alikuwa anasinzia. Alinyoosha mkono bila kufungua macho vizuri, akaelekeza kidole dirishani, kwenye ule weupe. “Ule pale.” Mtoto akabandika uso kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu, pumzi yake ikiongeza ukungu juu ya ukungu.

“Mbona siuoni?”

“Hata mimi siuoni,” mama yake akasema. “Lakini ndiko uliko.”